Anti, nataka spree ya kuua vijidudu ila isitukabe koo

Barua za mwezi huu karibu zote zinanuka Jik. Naona kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ya mdada anachanganya madude kwenye chupa ya kupulizia huku kaweka muziki, na kila mtu anataka kujua kama ni kweli. Nimechagua tano, nyingine zilikuwa zinauliza kilekile. Na nikisema Jik hapa namaanisha dawa yoyote ya klorini ya majimaji, maana tumeshazoea kuziita zote hivyo, wenzetu wa Kongo wanaita Javel.

*Shikamoo Anti. Mi ni mama wa watoto wawili niko Temeke, mkubwa ana miaka sita na ana pumu. Dada anayenisaidia kazi akipiga deki anamimina tu Jik kwenye ndoo, hapimi, na mimi zamani nilikuwa naipenda ile harufu, nikiisikia najua hapa sasa pamesafishika. Lakini siku za usafi mtoto anakohoa mpaka usiku natafuta pampu yake. Nataka nitengeneze spree yangu ambayo ni ya upole. Kwenye grupu wametuma hii: siki, ndimu, bekingi soda, halafu Jik "kidogo tu ya kuongezea nguvu". Kipimo kiweje?*
*Mama Wawili, Temeke*

Marahaba mwanangu. Kipimo ni sifuri, hiyo chupa usiitengeneze kabisa. Na kama umeshachanganya na inatoa harufu kali usisimame kuiinamia kuangalia imekuwaje, fungua milango na madirisha, toka nje na watoto mpaka hewa ibadilike.

Jik ikikutana na siki au ndimu inatoa gesi ya klorini. Ni gesi ileile Wajerumani waliyowafungulia wanajeshi wa upande wa pili kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, sasa wewe unataka kuipulizia jikoni kwako mtoto mwenye pumu akiwa sebuleni! Mi mwenyewe yamenikuta, nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu tunakaa Magomeni, choo kimefanya ukungu wa njano nikaona nikikomeshe, nikamwaga asidi ya choo halafu juu yake nikamwaga Jik, mlango nimefunga ili mama mkwe asione natumia dawa nyingi. Nilitoka pale mbio machozi yanatiririka kifua kinawaka moto, nikakaa barazani nakohoa mpaka magharibi, na mama mkwe akajua kila kitu. Toka siku hiyo Jik kwangu inachanganywa na maji tu. Siyo siki, siyo ndimu, siyo asidi ya choo, siyo spiriti, siyo dawa nyingine yoyote hata kama chupa zinafanana.

Hiyo bekingi soda na siki nayo ni mchezo wa macho. Povu linafoka mtu anadhani dawa inafanya kazi, kumbe siki na soda zinamalizana zenyewe kwa zenyewe, ile hewa inayotoka ni kama ya kwenye soda ya kunywa na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Ukitaka kusugua sufuria tumia bekingi soda peke yake. Ukitaka kuondoa ukoko wa chokaa kwenye birika tumia siki peke yake.

Sasa tuje kwenye unachokitaka. Ujue kwanza kusafisha na kuua vijidudu ni kazi mbili tofauti, na ya kwanza ndo inabeba mzigo mkubwa. Chukua chupa ya kupulizia ya nusu lita, tia maji ya uvuguvugu, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, tikisa kidogo. Hiyo ndo spree yako ya kila siku, ya meza, makabati, sinki, kuta zilizoshikwa na mikono ya watoto. Unapulizia, unasugua na kitambaa, unafuta na kitambaa kingine kilicholowa maji safi. Sabuni inang'oa mafuta na uchafu pamoja na vijidudu vilivyojishikiza humo, na virusi vingi vyenye ngozi ya mafuta inavivuruga kabisa. Halafu kuna hili watu hawalijui, Jik ukiimwaga juu ya uchafu inaishia kupambana na uchafu wenyewe, nguvu inakwisha kabla haijafika kwa vijidudu. Kwa hiyo yule dada anayemimina Jik kwenye ndoo ya maji ambayo yameshakuwa meusi anawapa nyie harufu tu.

Baada ya sabuni, chagua sehemu. Nyumba nzima haihitaji dawa. Inahitaji pale ulipokatia kuku mbichi, vitasa, swichi, rimoti, bomba la chooni, poti la mtoto. Basi.

Kwa nyumba ya mwenye pumu mi ningeanza na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Nenda duka la dawa waambie unataka ya kusafishia kidonda, wanaijua. Haina harufu, na ikimaliza kazi inabaki maji na oksijeni. Huichanganyi na kitu. Unachofanya ni kutafuta kichwa cha kupulizia kinachoenea kwenye chupa yake ileile ya giza ukakifunga pale, usiihamishie kwenye chupa nyeupe kwa sababu mwanga unaiharibu. Pulizia sehemu iliyokwisha kuoshwa na sabuni, acha ibaki imelowa dakika 10, halafu futa kwa maji. Hapo kwenye dakika 10 ndo wengi tunachemsha, mtu anapulizia na kufuta hapohapo kama anafuta vumbi, halafu anasema dawa haifanyi kazi. Inafifisha nguo za rangi kwa hiyo usivae gauni lako zuri. Na ile ya saluni waachie saluni, ya volyumu 20 ina asilimia 6 na ya volyumu 40 ina asilimia 12, inaunguza ngozi. Wala usiimwage kwenye chupa moja na siki, zinatengeneza asidi nyingine inayowasha macho na mapafu, na hiyo pia nimeiona kwenye klipu, sijui hawa watu wana ugomvi gani na vifua vyetu.

Ya pili ni spiriti ya duka la dawa, iwe na asilimia 70. Hii ni ya simu, swichi, rimoti, vitasa, inakauka yenyewe ndani ya dakika moja hivi. Usidhani ya asilimia 96 ni bora zaidi, ile inaruka upesi kabla haijafanya lolote, maji yaliyomo kwenye ile ya 70 ndo yanaifanya ikae na ipenye. Kama umepata ya 96 basi mililita 730 ujazie maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka lita moja. Jiko la gesi liwe limezimwa, mkaa pia, mshumaa pia, ubani pia.

Na Jik sijaifukuza nyumbani kwako. Siku mtu anaharisha na kutapika hapo upole weka pembeni kwanza, spiriti haiviwezi vizuri baadhi ya virusi vya kuhara na siki ndo kabisaa. Ila ipime. Soma kwenye chupa, nyingi za huku ni asilimia 3.5, basi vijiko viwili vya mezani kwenye lita moja ya maji inakupa asilimia 0.1 hivi, na hiyo inatosha vitu vya kawaida vya nyumbani. Maji yawe ya baridi, ya moto yanaitoa mvuke na kuidhoofisha. Vaa glovu, fungua dirisha, iache angalau dakika moja, mi huwa naacha tano, halafu suuza. Fanyeni mtoto akiwa shule, siyo anarudi anakuta nyumba inawaka. Kama ni matapishi au damu au kinyesi, futa kwanza uchafu wenyewe, na hapo dawa inatakiwa kali zaidi ya hiyo, kama kuna kipindupindu mtaani kwenu sikiliza wahudumu wa afya wanavyoelekeza.

Kitu cha mwisho kwako, na kwa mwenye pumu nakiona kikubwa kuliko vyote: punguza kupulizia hewani. Vile vitone vidogo vinavyoelea ndo vinaingia kifuani. Pulizia kwenye kitambaa, karibu karibu, halafu futa nacho. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen kule Norway walitoa matokeo ya watu zaidi ya 6,000 waliofuatiliwa takriban miaka 20, wakaona wanawake waliokuwa wakifanya usafi, wa nyumbani au wa kulipwa, uwezo wa mapafu yao ulishuka haraka kuliko wanawake ambao hawakuwa wanasafisha. Kwa hiyo na huyo dada wa kazi naye umuhurumie, yeye ndo anainama juu ya ile ndoo. Mnunulie glovu, mpe kijiko cha kupimia.

*Assalam aleikum Anti. Mi naloweka maganda ya malimau kwenye siki wiki mbili, nachuja, nachanganya nusu kwa nusu na maji, natumia kila mahali, inanukia vizuri mno. Wifi yangu anasema haiui kitu na ananicheka. Pili sakafu yangu ya terazo imepoteza mng'ao toka nianze, imekuwa kama imepigwa msasa. Ni siki au ni uzee wa nyumba?*
*Bi Limau, Tanga*

Waaleikum salaam. Ni siki. Terazo ina vipande vya marumaru ndani ya saruji, na marumaru ni chokaa, siki inaila taratibu kila unapopiga deki. Acha leoleo, piga deki na maji na sabuni kidogo isiyo kali, na mng'ao uliokwisha kuondoka haurudishwi na dawa ya chupa, itabidi umuite fundi mwenye mashine ya kupolishi.

Na wifi yako, samahani, ana ukweli ndani yake. Siki ya dukani ina asidi ya asilimia 4 au 5, inapunguza bakteria wengine lakini huwezi kuitegemea baada ya kukata kuku mbichi, wale wa kuharisha wanaweza kubaki hapo. Maganda ya limau yanaleta harufu na yanasaidia kidogo kwenye mafuta. Lakini usiitupe chupa yako. Huku pwani wengi tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, mabomba yanaota magamba meupe, vioo vya bafuni vina madoa, hapo siki ndo mahali pake, hakuna dawa ya bei hiyo inayoishinda. Ndani ya friji pia, halafu pitisha kitambaa cha maji. Lakini ukishaitumia chooni usije ukamwaga Jik siku hiyohiyo, nimeshasimulia ya Magomeni hapo juu.

Kibao chako cha kukatia, maana najua utaniuliza: sabuni na brashi, suuza, mwagia maji yanayochemka, simamisha juani. Kitambaa cha vyombo kichemshe kwenye sufuria dakika 10 mara mbili tatu kwa wiki uanike juani. Hiyo haina hata kemikali, na bado tunatafuta spree.

*Anti mambo vipi, mi bachela niko Mwanza. Hivi Konyagi si pombe kali, naweza kuweka kwenye spree nikafutia simu na meza? Ninayo imebaki nusu chupa.*
*Kaka wa Geto, Mwanza*

Mambo? Nina wajukuu mimi, lakini haya, poa. Konyagi ina asilimia 35 ya kilevi na spiriti ya kuua vijidudu inatakiwa iwe 60 kwenda juu. Kwa hiyo utabaki na meza inayonuka baa na vijidudu vyake salama. Na hiyo gongo ya mtaani ambayo najua ulikuwa unataka kuiuliza kwenye barua ya pili, usiitumie, hakuna anayejua nguvu yake wala kilichomo. Nenda duka la dawa, kachupa ka spiriti siyo ghali. Simu izime kwanza, lowanisha kitambaa siyo simu.

*Anti shikamoo, niko Lamu nina paka watatu wa ndani. Nimekuwa nikifutia sakafu na Dettol lakini nimesikia si nzuri kwa paka, nikaona nitengeneze spree ya asili, maji na matone ya mafuta ya karafuu na ya mti wa chai. Hiyo si itakuwa salama kwao?*
*Mama Paka, Lamu*

Marahaba. Nakupenda bure kwa kuuliza kwanza. Jibu ni hapana, na hapa ndo penye mtego, kitu kinatoka kwenye mti tunaona basi kipole. Ini la paka halina uwezo mzuri wa kuvunjavunja kemikali za jamii ya fenoli, sisi tunaweza, mbwa anaweza kiasi, paka anashindwa. Dettol ile ya kahawia ina kloroksilenoli asilimia 4.8 ambayo iko kwenye jamii hiyo. Na karafuu? Kile kinachoipa karafuu harufu yake, yujenoli, nacho ni jamii hiyohiyo! Mafuta ya mti wa chai nayo yanajulikana kuwatia paka sumu. Paka halambi sakafu, sawa, lakini anatembea juu yake ikiwa mbichi halafu anakaa kivulini anajilamba miguu, kucha kwa kucha, kama mnavyowajua. Wakianza kutoa udende, kuyumba au kutetemeka wapeleke kwa daktari wa mifugo haraka, na hiyo chupa ubebe.

Wewe tumia maji ya moto na sabuni kwa sakafu, suuza. Kwa meza ya jikoni ile peroksaidi ya asilimia 3 niliyomwambia Mama Wawili, ukimaliza futa kwa maji, paka warudi pakishakauka. Na pale wanapokojoa pembeni, tafadhali, usimwage Jik juu ya mkojo. Mkojo una amonia, ikikutana na Jik inatoa kloramini, gesi nyingine ya kukaba. Kwanza loweka na uoshe mkojo wote na sabuni na maji mengi. Choo cha watu ni vilevile, flashi kwanza.

*Anti habari za kazi. Nilichanganya Jik na maji kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, nikatoboa kifuniko, napulizia bafuni. Ni kama mwezi sasa na bado inanuka. Inaendelea kufanya kazi?*
*Baba Nyumba, Morogoro*

Nzuri baba. Harufu siyo kipimo. Jik ikishachanganywa na maji nguvu inaanza kushuka, na chupa nyeupe dirishani na joto la Morogoro ndo inashuka mbio, inabaki kaharufu tu. Changanya ya kutosha siku moja, inayobaki saa 24 zikipita mwaga chooni, tengeneza nyingine. Ndo maana tengeneza kidogo, nusu lita kijiko kimoja cha mezani. Hata ile chupa kubwa ya dukani angalia tarehe, na kama unanunua ya kupima ya mtaani basi hujui ulianza na asilimia ngapi, hesabu yote inakuwa ya kubahatisha.

Kilichonikosesha amani kwenye barua yako lakini ni chupa. Chupa ya maji ya kunywa, imejaa kitu cheupe kama maji, iko bafuni kimo cha mtoto. Mtoto haangalii kifuniko kilichotobolewa, na mtu mzima akiamka usiku na kiu umeme umekatika haangalii pia. Nunua chupa ya kupulizia yenyewe, bandika plasta uandike kwa kalamu ya wino mzito JIK NA MAJI na tarehe, weka juu kabatini. Ikitokea mtu amekunywa msimlazimishe kutapika, asukutue mdomo, mumuwahishe hospitali na chupa mkononi. Na hiyo ya lita moja na nusu usiisuuze ukairudisha kwenye friji, hata ukiisuuza mara kumi. Mi zangu natoboa kitako na msumari kabla sijatupa, ili na anayeokota chupa huko jalalani asije akaiuza kwa mtu wa kuwekea juisi.